Husu, Husiana, Husika: Kitenzi cha Kiingereza "Relate" na Matatizo Yake kwa Mwandishi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika soko la Ruiri, kwenye barabara itokayo mji wa Meru kuelekea Isiolo, mtu hahitaji kusubiri muda mrefu ili asikie lugha tatu katika mazungumzo ya watu wawili. Salamu hutolewa kwa Kimeru, bei hubishaniwa kwa Kiswahili, na karatasi inayotakiwa ofisini hutajwa kwa Kiingereza. Wazungumzaji wenyewe hawaoni ajabu yoyote. Ajabu huanza pale ambapo jambo lililosemwa katika lugha moja linapaswa kuandikwa katika nyingine, tena mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuliamini au kulikataa.

Tuseme mwanafunzi wa shule ya upili katika eneo hilo amepewa sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba vijana wawili ni "related", naye ametakiwa kuitafsiri. Anaweza kuandika: "Vijana hawa wanahusiana." Anaweza pia kuandika: "Vijana hawa wana uhusiano." Au, kwa haraka: "Vijana hawa wanahusika." Sentensi zote tatu zina mzizi mmoja, na zote hazina kosa la sarufi. Hata hivyo, atakayesoma ya kwanza huenda akafikiri juu ya ukoo, wa pili atafikiri juu ya mapenzi, na wa tatu atauliza ni kosa gani lililotendwa na kama polisi wamearifiwa.

Makala haya yanachunguza jinsi kitenzi hicho cha Kiingereza kinavyoingia katika Kiswahili kupitia mzizi -husu na minyambuliko yake, na yanadai kwamba tatizo la mwanafunzi huyo si uchache wa maneno. Kiswahili kina maneno mengi kuliko yanayohitajika. Tatizo ni kwamba kitenzi cha Kiingereza huficha mambo ambayo Kiswahili humlazimu msemaji kuyaweka wazi: nani anamgusa nani, kwa njia gani, na kama kuguswa huko ni kwa pande mbili au kwa upande mmoja.

Kitenzi cha kubeba na kitenzi cha kutenga

Neno la Kiingereza lilitokana na Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kubeba kitu na kukirudisha kilikotoka. Ndiyo sababu maana yake ya kale katika Kiingereza, iliyokwisha kuwapo katika karne ya 16, ni kusimulia. Msimulizi hulibeba tukio kutoka lilikotokea na kulirejesha mbele ya wasikilizaji. Kutoka hapo maana ilipanuka: kukirejesha kitu kimoja kwenye kingine ni kuviunganisha, na vilivyounganishwa vina uhusiano. Katika karne ya 20 ikaongezeka maana nyingine, ile ya mtu kuyaelewa mambo ya mwenzake kana kwamba yamempata yeye. Kwa hiyo neno moja linabeba usimulizi, uunganishaji, ujamaa na huruma. Mwanafunzi afunguapo kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hukuta "simulia", "husisha" na "husiana" zimepangwa pamoja kama ndugu, ilhali katika Kiswahili "simulia" haina udugu wowote na hizo nyingine.

Mzizi -husu ulipita njia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye herufi kha, sad na sad, ambao maana yake ya msingi ni kukitenga kitu kwa ajili ya mtu au jambo fulani pasipo wengine. Kiswahili kimeipoteza sauti ya kha katika neno hili kama kilivyoipoteza katika "habari", lakini jamaa za neno lenyewe zimebaki na zinatambulika: "hasa", "hususan" na "mahususi" zote zimetoka hapo. (Ni rahisi kudhani kwamba "hisa" ni mmoja wao, kwa kuwa hisa ni fungu lililotengewa mtu. La hasha. "Hisa" ina mzizi wake, wenye ha badala ya kha. Wanafunzi wa etimolojia hunaswa na mtego huu mara kwa mara.)

Tofauti hii ya asili si pambo la wanaisimu. Asemapo Mswahili kwamba jambo fulani linamhusu, anasema limetengwa likawa lake, limemwangukia yeye. Na asemapo halimhusu, anaweka mpaka. Ndipo penye ukali wa swali "Yakuhusu nini?", na ndipo penye uwanja wa methali isemayo "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Kitenzi cha Kiingereza huunganisha kwa kubeba kutoka huku kwenda kule. Kitenzi cha Kiswahili huanza kwa kuchagua, na kuchagua huko kuna mwelekeo.

Mnyambuliko wa -husu

Kama vitenzi vingine vya mkopo vinavyoishia kwa u, mfano "jibu" na "haribu", kitenzi hiki hubadilisha irabu yake ya mwisho kuwa i kinapopokea viambishi vya mnyambuliko. Tunapata "husiana" kama "jibiana", "husika" kama "haribika", na "husisha". Umbo halina taabu. Taabu imo katika matumizi.

Katika hali yake ya msingi, -husu huwa na yambwa: "Habari hizi zinawahusu wakulima wa Ruiri." "Tamthilia hii inahusu mgogoro wa ardhi." Mwelekeo ni mmoja. Tamthilia inahusu mgogoro, lakini mgogoro hauihusu tamthilia. Mgogoro ungeendelea hata kama tamthilia isingeandikwa. Umbo la kitenzi-jina, "kuhusu", limekuwa pia kiunganishi cha kila siku, kama katika "hotuba kuhusu elimu". Walimu wengi hulipendelea kuliko "juu ya", kwa hoja kwamba aliyezungumza juu ya meza huenda alikuwa amepanda mezani. Hoja hiyo huchekesha darasa, ingawa haitoshi kuliharamisha "juu ya", ambalo limetumika hivyo na waandishi wazuri kwa muda mrefu.

Umbo la kutendana, "husiana", ndilo linalotumiwa vibaya zaidi. Kiambishi -an- huleta dhana ya pande mbili zinazotendana: wanapendana, wanajibizana, wanasaidiana. Kwa kanuni hiyo, "Methali hizi mbili zinahusiana" ni sentensi safi, kwa sababu kila moja inaigusa nyenzake. Lakini katika insha nyingi za wanafunzi, na hata katika baadhi ya vitabu vya mazoezi, hukutwa sentensi kama "Riwaya hii inahusiana na ukoloni". Kipimo chepesi ni kuigeuza. "Ukoloni unahusiana na riwaya hii." Hapo sikio linakataa. Mwandishi alikusudia "inahusu", ila alikuwa akifikiri kwa Kiingereza, ambamo kitenzi kilekile hufanya kazi zote mbili, na kihusishi kinachokifuata ndicho kinachompa hamu ya kutia "na".

Ni haki kutaja hoja ya upande wa pili. Si kila kitenzi chenye -an- na "na" huwa cha kutendana. Ugonjwa "hutokana na" uchafu, lakini uchafu hautokani na ugonjwa. Mwenye busara "huepukana na" ugomvi, wala hakuna anayesema ugomvi nao unamwepuka yeye. Kwa mantiki hiyo, mtetezi wa "inahusiana na ukoloni" anaweza kusema kwamba "husiana na" imeanza safari ileile, inageuka kuwa kitenzi cha upande mmoja. Hoja hii ina nguvu kama maelezo ya yanayotokea. Kama ushauri kwa mwandishi ina udhaifu mmoja: "tokana" na "epukana" hazina mshindani wa kuzifanyia kazi hiyo kwa ufupi, lakini "husiana" inaye, naye ni "husu". Hakuna faida ya kutumia neno refu lenye utata mahali ambapo neno fupi lisilo na utata limekaa likisubiri. Hali kadhalika, "kuhusiana na" inayosikika katika taarifa za habari ("alizungumza kuhusiana na bei ya mahindi") haisemi chochote ambacho "kuhusu" haisemi.

Kuna hatari nyingine katika "husiana", nayo ni ya kweli hata pale sentensi inapogeuzika bila kukwaruza sikio. Chukua sentensi hii: "Mvua za vuli zinahusiana na mavuno ya maharagwe." Igeuze, inakubali. Lakini mkulima wa Ruiri anajua zaidi ya hayo. Anajua kwamba mavuno hutegemea mvua, wala mvua haitegemei mavuno hata kidogo. "Husiana" imesema ukweli lakini imeuficha mwelekeo wa sababu. Mtahini anayeuliza "Eleza jinsi mazingira yanavyohusiana na lugha" hajamwambia mtahiniwa kama anataka athari ya mazingira kwa lugha, au picha ya mazingira ndani ya lugha, au mfanano wa namna vitu hivyo viwili vinavyobadilika. Watahiniwa watatu wanaweza kutoa majibu matatu tofauti, yote sahihi, kisha wawili wakakosa alama. Kiswahili kina "athiri", "sababisha", "tegemea", "tokana", "ambatana", "fungamana", "lingana", "fanana" na "shabihiana". Kila kimoja hutoboa jambo ambalo "husiana" hulifunika.

Umbo la kutendeka, "husika", lina sura mbili ambazo kihusishi ndicho huzitenganisha. "Alihusika katika ujenzi wa shule" ni sifa. "Alihusika na wizi" ni tuhuma. Lakini "Afisa anayehusika na maji" hatuhumiwi chochote; maji ni wajibu wake. Wajibu na lawama vimekaa chini ya "na" moja, na ni muktadha tu unaovitenga, jambo ambalo si la kushangaza sana kwa mtu yeyote aliyewahi kushika wadhifa. Ofisini umbo hili limezaa pia matumizi ya kivumishi bila kirejeshi: "idara husika", "mamlaka husika". Wapo wanaosisitiza "idara inayohusika". Yote mawili yanaeleweka, na lile fupi limekwisha kujipatia makazi katika barua rasmi. Kitu cha kuangalia ni kwamba mwanafunzi mgeni asiichambue hu- ya mwanzo kuwa ni ile ya mazoea, akatafuta kitenzi "sika" ambacho hakipo hapo.

Kuhusu "husisha" hakuna mengi. "Kuhusisha kitu na kingine" ni kuvifunga pamoja katika fikra. "Kuwahusisha wananchi" ni kuwaingiza katika shughuli, na hapo "kuwashirikisha" hutua vizuri zaidi. "Kuhusishwa na" karibu kila mara huleta harufu ya ubaya.

Katika nomino pana ubishi mkongwe zaidi: "uhusiano" au "mahusiano"? Wapo walimu wanaoifuta "mahusiano" kwa wino mwekundu kwa hoja kwamba uhusiano ni dhana isiyohesabika. Lakini nomino zinazotokana na vitenzi vya kutendana mara nyingi huundwa kwa ma-: "mapatano", "maelewano", "mashindano", "mapigano". "Mahusiano" imefuata njia ya halali. Kilichoibadilisha si sarufi, ni jamii. Katika miji ya Tanzania na Kenya, asemwaye kuwa "yuko kwenye mahusiano" ana mpenzi, na "wana uhusiano" husemwa kwa sauti ya chini kwa maana hiyohiyo. Neno la jumla limeazimwa kuwa tasfida, na kama ilivyo kawaida ya tasfida, halirudi kwa mwenyewe likiwa lilivyokuwa.

Mhusika na msomaji wake

Wanafunzi wa fasihi hutumia tunda moja la mzizi huu kila siku bila kulitazama. Kiingereza humwita kiumbe wa riwaya kwa neno lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya alama iliyochorwa au kupigwa chapa juu ya kitu. Kiswahili humwita "mhusika", yaani yule ambaye mambo yamemgusa. Ni istilahi nzuri kuliko tunavyoijua. Inamtambulisha mtu wa riwaya kwa yale yaliyomwangukia, si kwa mchoro wa sura au tabia yake. Kongowea Mswahili katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ni mhusika kwa maana kamili ya neno: safari yake kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba inatokana na swali la nani anamhusu na yeye anamhusu nani.

Lakini hapohapo Kiingereza hurudi kwa mlango wa nyuma. Msomaji kijana akiguswa na mhusika hutaka kusema, kwa mtindo wa Kiingereza cha leo, kwamba ana uwezo wa "relate" naye. Akiandika "Ninahusiana na Kongowea", amesema ni jamaa yake. Akiandika "Nina uhusiano na Kongowea", amesema zaidi ya hapo. "Ninajihusisha na Kongowea" inamfanya mshirika katika shughuli fulani ambayo haijatajwa. Kiswahili hakikuweka maana hii katika mzizi -husu, na hakuna sababu ya kuisukuma humo. Msomaji aliyeguswa husema yamemgusa, au amejiona ndani ya mhusika, au machungu yake anayajua. Semi hizo hazina upungufu wowote. Upungufu wao pekee ni kwamba hazipatikani kwa kutafuta neno moja kwenye kamusi.

Gichiaro: uhusiano ambao si uhusiano

Yote yaliyotangulia yangeweza kubaki ubishi wa darasani lau kusingekuwa na mambo ambayo watu wa Ruiri na Meru kwa jumla huyaita kwa neno lao, na ambayo hulazimika kuyaeleza kwa Kiswahili mbele ya watu wasio Wameru.

Miongoni mwa Wameru kuna fungamano liitwalo gichiaro. Ni udugu usiotokana na damu, uliowekwa kwa kiapo kati ya ukoo na ukoo, au kati ya jamii moja na nyingine, na ambao hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Waliofungwa na gichiaro hawadhuriani. Mmoja akimwendea mwenzake na haja, hutazamiwa kutonyimwa. Na muhimu zaidi kwa makala haya, hawaoani: wanahesabiwa kuwa kama watoto wa tumbo moja. Anayevunja sharti huogopewa kupatwa na laana. Neno lenyewe limejengwa juu ya kitenzi cha Kimeru chenye maana ya kuzaa, guciara. Kwa hiyo Kimeru, tofauti na Kilatini kinachobeba na Kiarabu kinachotenga, hueleza fungamano hili kwa kuzaa. Wawili hao hawakuunganishwa tu. Wamezaliwa upya wakiwa ndugu.

Sasa turudi kwa vijana wawili wa sentensi ya kwanza, na tuseme wametoka katika koo mbili zenye gichiaro. Mzee anataka kumweleza mwalimu mgeni, au kasisi, au msichana wa Nairobi aliyekuja likizo, kwa nini vijana hao hawawezi kuchumbiana. Akisema kwa Kiswahili, "Hawa wana uhusiano," msikilizaji wa mjini atatabasamu na kuelewa kwamba tayari wanachumbiana. Neno limesema kinyume kamili cha lililokusudiwa. Gichiaro huyafunga mapenzi, "uhusiano" umeyatangaza. Mzee hakukosea sarufi, wala msikilizaji hakukosea kusikia. Walichokosa ni jina la aina ya uhusiano.

Mfano wa pili, nao ni wa kubuni ingawa mazingira yake ni ya kawaida, ni mzito zaidi. Mtu amefariki na familia yake inafungua shauri la urithi. Kesi za namna hii nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na ni desturi familia kwenda kwa chifu kupata barua inayowataja walioachwa na marehemu. Mzee mmoja wa gichiaro na marehemu anakuja kutoa ushahidi kuhusu mpaka wa shamba. Hana haja ya kurithi. Anaeleza kwa Kimeru yeye ni nani. Anayemwandikia anatafuta neno la Kiswahili, na kwa kuwa "ndugu" linaonekana si la kweli na "rafiki" linaonekana dogo, anaandika: "Mzee huyu anahusika na marehemu." Karatasi hiyo ikipelekwa kwa mfasiri wa Kiingereza, yeye naye atafanya kazi yake kwa uaminifu na kuandika kwamba mzee ana jambo fulani lililomhusisha na marehemu. Wakili wa upande wa pili atauliza ni jambo gani. Na kama marehemu hakufa kifo cha kawaida, swali halitakuwa la urithi tena.

Mwandikaji angeandika "anahusiana na marehemu", angeepuka tuhuma lakini angeleta dai. Mahakama ingemsoma mzee kama jamaa wa damu, na jamaa wa damu wana nafasi zao katika sheria: watoto, wazazi, kaka na dada, na wengineo. Gichiaro haimo katika orodha hiyo. Warithi halali wangemtazama mzee kwa jicho la hofu, ilhali sharti la gichiaro lenyewe ndilo lingemzuia asiwadhuru. Neno moja linamfanya mshukiwa, la pili linamfanya mshindani, na hakuna hata moja linalomfanya shahidi.

Je, Kiswahili hakina neno? Kinayo ya karibu. Pwani walijua undugu wa kuchanjiana, wa watu wawili waliochanjana chale na kushirikishana damu, na neno hilo lina ile dhana ya kiapo. Pungufu lake ni kwamba huwafunga watu wawili, si koo zao na wajukuu wao. Undugu wa ziwa, wa watoto walionyonya titi moja, huzuia ndoa katika Uislamu kama gichiaro inavyoizuia, lakini hauna kiapo wala hauhusu koo mbili kwa jumla. Tanzania kuna utani, kama ule wa Wachaga na Wapare, ambao ni wa jamii nzima na hurithiwa. Watani hata huchukuliana vitu na kusaidiana msibani. Hata hivyo utani huruhusu matusi ya mzaha, na mzee wa gichiaro hangependa kufananishwa nao. "Nasaba" ni ya damu. "Ujamaa" umebebeshwa siasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiasi kwamba si rahisi kuutua mzigo huo ili ubebe mwingine.

Orodha hiyo inaonyesha jambo lililokuwa likijitokeza tangu mwanzo. Kiswahili, kikiachwa kiseme kwa desturi yake, hakitaji uhusiano kwa jumla. Hutaja ushemeji, uwifi, usomo, utani, ujirani, undugu wa ziwa. Jina hutangulia, na wajibu hufuata nyuma yake bila kuelezwa, kwa sababu kila anayelisikia anajua shemeji hutendewa nini na mtani huambiwa nini. Neno la jumla "uhusiano" lina manufaa makubwa katika darasa la isimu na katika mkataba wa mataifa. Katika mambo ya watu ni neno la mgeni anayesimama mlangoni, ambaye ameona watu wameketi pamoja lakini hajaambiwa ni nani kwa nani.

Kwa hiyo lililo bora kwa mwandikaji wa barua ile ni kuliacha neno la Kimeru mahali pake na kulieleza mara moja. Sarufi haitamsumbua. Kiambishi gi- katika gichiaro ni kilekile ki- cha Kiswahili, kilichoghunika kwa sababu ya konsonanti isiyo ghuna inayofuata, kwa kanuni ambayo wanafunzi wa fonolojia huijua kwa jina la Dahl na ambayo Kimeru kinashiriki pamoja na Kikuyu na Kiembu. Mwandishi akipenda kulihesabu katika ngeli ya KI-VI, upatanisho utajiweka wenyewe: gichiaro hiki, gichiaro chao. Akipenda kulitumia bila kulibadili, kama yalivyofanya makala haya katika ngeli ya I-ZI, hakuna atakayepotea njia.

Barua ingesomeka hivi: "Mzee huyu si mrithi wa marehemu. Ukoo wake na ukoo wa marehemu wamefungwa na gichiaro, udugu wa kiapo ambao unawakataza kudhuriana na kuoana. Amekuja kueleza mpaka wa shamba, ambao aliuona ukiwekwa."